Kutoka Gumegume hadi Mnada wa Mtandaoni: Majina ya Silaha za Kale katika Historia ya Karagwe



1.0 Utangulizi

Mada niliyoichagua huenda ikawashangaza wale waliozoea kunisikia nikizungumzia ngeli na viambishi. Leo ninakusudia kuzungumzia bunduki kuukuu, singe, nishani na kofia za askari, yaani vitu vya kale vya kijeshi ambavyo siku hizi mtu aliyeketi Dar es Salaam, Mwanza au Nyaishozi huko Karagwe anaweza kuviona kwenye kioo cha simu yake, akavilipia, kisha akavisubiri vije kutoka Ujerumani, Uingereza au Marekani. Wanunuzi wa namna hiyo hapa kwetu si wengi, lakini wapo. Baadhi yao ni watu wenye fedha na mapenzi ya mambo ya kale. Wengine ni walimu wanaotaka kuwa na kabati la historia katika shule zao. Wanaponijia, swali lao huwa moja: kitu hiki kinaitwaje kwa Kiswahili?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Nitajaribu kuonyesha kwamba kuagiza kutoka ng'ambo silaha zilizopitwa na wakati si jambo jipya katika Afrika Mashariki. Ni biashara iliyoanza kabla ya mtandao na kabla ya ukoloni wenyewe, na Kiswahili kiliiwekea kumbukumbu kwa msamiati mpana na wenye kupambanua. Msamiati huo tumeuacha ufifie. Matokeo yake ni kwamba kitu kilichopata kutumiwa na babu zetu kinaporudi kwetu leo, kinarudi kikiwa na jina na historia alivyovitunga muuzaji.

2.0 Hazina ya Rumanyika

Nianze na Karagwe, kwa kuwa huko tuna ushahidi wa mapema wa silaha ya kigeni iliyotunzwa kama kitu cha thamani badala ya kutumiwa tu.

John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Omukama Rumanyika mwezi Novemba 1861. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant, aliyekuwa na kidonda cha mguu, alibaki hadi Aprili. Hata hivyo hawakuwa wageni wa kwanza kuleta bunduki. Wafanyabiashara wa pwani walikwisha kuweka kituo chao Kafuro, na Speke mwenyewe anaeleza jinsi Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi wa Kaze, yaani Tabora ya leo, alivyomsaidia Rumanyika katika ugomvi wake na nduguye Rogero kuhusu kiti cha enzi. Kwa hiyo silaha za kuagiza zilikuwa zimeingia katika siasa za urithi wa Karagwe kabla Mzungu yeyote hajaandika habari zake.

Mwaka 1876 alifika Henry Morton Stanley. Katika kitabu chake cha safari anaeleza kwamba Rumanyika alimwonyesha nyumba ya hazina. Ndani yake alikuta bata wa shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, miundu ya chuma iliyofuliwa kwa ustadi, mikuki ya namna mbalimbali na nguo zilizofumwa kwa majani. Katika nyumba hiyohiyo mlikuwa na silaha za moto, na kwa mujibu wa Stanley iliyothaminiwa kuliko zote ilikuwa bunduki ya mzunguko aliyoitoa Speke.

Tukio hili husomwa kwa kawaida kama kichekesho cha mfalme wa Kiafrika aliyepumbazwa na zawadi. Mimi sikubaliani na usomaji huo. Karagwe ilikuwa nchi ya wahunzi. Ndagara, baba yake Rumanyika, anakumbukwa kwa sifa ya uhunzi, na nyundo na fuawe zilikuwa miongoni mwa alama za ufalme wa Wahinda. Mtu aliyekulia katika jamii ambamo chuma kilichofuliwa vizuri ni ishara ya mamlaka alijua alichokuwa akikiangalia alipoipokea bunduki yenye kasha la risasi linalozunguka. Aliiweka pale alipoweka vyuma vingine vyenye maana. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba aliihamisha kutoka kundi la silaha na kuiingiza katika kundi la amali. Mhamo huo wa kundi ndio unaowasumbua wanunuzi, maafisa wa forodha na watunga sheria wa zama zetu, kama nitakavyoeleza.

3.0 Msamiati wa bunduki

Silaha zilizofika Karagwe, Unyamwezi na Buganda katika karne ya 19 zilikuwa, kwa sehemu kubwa, takataka za majeshi ya Ulaya. Kuanzia miaka ya 1860 majeshi hayo yaliharakisha kuacha bunduki za kushindilia mdomoni na kuchukua zile zinazotiwa risasi kwa nyuma. Maghala yakajaa bunduki zisizotakiwa. Mafundi wa Liège nchini Ubelgiji na wa Birmingham nchini Uingereza walizikarabati, au wakaunda nyingine rahisi kwa mfano wake, na meli zikazileta Unguja. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipitia huko kila mwaka.

Wasemaji wa Kiswahili waliziitaje? Tukifungua Steere, Krapf, Madan na baadaye Johnson na Sacleux, tunakuta mpangilio unaofuata teknolojia hatua kwa hatua. Palikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Palikuwa na bunduki ya gumegume, ambayo jiwe lake hugonga chuma na kutoa cheche. Kisha ikaja bunduki ya fataki, ambayo nyundo yake hupiga kifuniko kidogo cha shaba chenye baruti kali. Juu ya hizo palikuwa na majina ya jumla kama korofindo na gobori, ambalo leo huandikwa zaidi gobore. Mtu aliyekuwa akinunua Bagamoyo au Tabora hakuhitaji picha. Neno moja lilimweleza atie nini, kitu gani kitaharibika kwanza, na kama silaha hiyo itawaka wakati wa mvua.

Ninapenda zaidi majina ya sehemu za bunduki. Mdeki ni ule ufito wa kushindilia. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu cha kutwangia. Kifa ni pale pakaapo baruti ya kuwashia, na baadaye pale pakaapo fataki. Mtambo ni ule mfumo wa kufyatulia, na neno hilo lilikwisha kutumika kwa mitego na kani ya kukunjika kabla halijahamia kwenye bunduki. Risasi ni jina la madini kabla halijawa jina la kitu kinachoua. Marisau ni zile punje ndogo. Mtutu, mzinga na mtambo ni ya Kibantu. Baruti, risasi na mdeki yamepitia Kiarabu. Singe na fataki yametoka upande wa Uhindi. Orodha kama hii haiwezi kutungwa na watu waliokuwa wakipokea bunduki na kuzifyatua tu. Lugha haiwekei jina kila kiungo cha kitu ambacho wasemaji wake hawakifungui. Majina haya yanatuambia kwamba palikuwa na mafundi, palikuwa na vipuri, na palikuwa na mabishano ya bei kuhusu mtambo uliolegea.

Kuna ushahidi mwingine, nao unatoka katika lugha za Maziwa Makuu zenyewe. Neno bunduki lilipanda bara pamoja na misafara. Katika Kinyankore tunalikuta kama embundu. Katika Kiganda ni emmundu. Mambo mawili yanastahili kuangaliwa. Kwanza, lugha zote mbili zimeipoteza silabi ya mwisho, -ki. Ni vigumu kuamini kwamba kila moja iliikata silabi hiyohiyo kivyake. Ni rahisi zaidi kukubali kwamba umbo fupi lilipatikana mahali pamoja, kisha likasambaa. Pili, tofauti kati ya -mb- na -mm- inaelezeka kwa kanuni inayojulikana kwa wanafonolojia kama Sheria ya Meinhof: katika Kiganda, mfuatano wa nazali na konsonanti ghuna hugeuka kuwa nazali mbili iwapo silabi inayofuata nayo ina nazali. Neno geni lilipata uraia hata likatii sheria za ndani za lugha. Njia kuu ya biashara kutoka Tabora kwenda Buganda ilipita Karagwe, na hapo ndipo ningeanza kutafuta umbo hilo fupi lilipozaliwa. Wanafunzi wanaopenda kazi hiyo wana msingi mzuri katika sarufi ya Runyambo ya Profesa Josephat Rugemalira iliyotoka mwaka 2005.

Imekuwaje hali ya maneno hayo leo? Gumegume limebaki zaidi kama tusi la mtu asiyefaa kitu. Fataki zinapigwa usiku wa mwaka mpya, na mwishoni mwa miaka ya 2000 neno hilo lilipewa kazi mpya kabisa na kampeni ya redioni nchini Tanzania, likawa jina la mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Mitambo ni ya umeme na ya kurushia matangazo. Gobore linaishi katika taarifa za polisi, "silaha aina ya gobore", likimaanisha karibu bunduki yoyote ya kienyeji inayokamatwa kwa majangili. Mabadiliko ya maana ni jambo la kawaida na mwanaisimu hapaswi kuyalilia. Ninalolisikitikia ni kwamba tofauti tatu zilizokuwa wazi kwa mchukuzi wa msafara wa mwaka 1870 haziko wazi tena kwa mhitimu wa shahada ya historia.

4.0 Singe iliyokwenda Nyaishozi

Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja wa sekondari, mwenyeji wa Nyaishozi, aliniletea picha ya kitu alichokuwa anataka kukinunua kwa muuzaji wa Ujerumani kupitia mtandao. Alikuwa akikusanya vitu kwa ajili ya kabati la historia la shule. Kitu chenyewe kilikuwa singe ya Kijerumani, na maelezo ya muuzaji yalidai kwamba ilikuwa ya askari Mwafrika wa jeshi la ulinzi la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ushahidi uliotolewa ulikuwa herufi mbili, K na S. Bei ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko ya singe nyingine za namna ileile.

Herufi hizo zina usomaji wa aina mbili. Zikiwa muhuri wa kikosi, zaweza kufupisha maneno ya Kijerumani Kaiserliche Schutztruppe, yaani jeshi la ulinzi la Kaizari katika makoloni. Lakini Wajerumani walikuwa pia na singe fupi ya mfano wa mwaka 1898, na jina lake rasmi, kurzes Seitengewehr, hufupishwa kwa herufi hizohizo, ya kwanza ikiwa ndogo: kS 98. Muuzaji alikuwa amelichukua jina la mfano na kulisoma kama jina la jeshi. Nilimwandikia mwalimu kwamba picha haikuonyesha muhuri wowote wa kikosi, na kwamba alichokuwa akiuziwa kwa bei ya ziada kilikuwa tafsiri ya kifupisho. Aliipeleka hoja hiyo kwa muuzaji, na bei ikapungua.

Ninaitaja habari hii kwa sababu ya yaliyofuata. Kifurushi kilipofika, fomu ilimtaka mpokeaji aeleze kilichomo, naye akaandika neno sahihi la Kiswahili: singe. Afisa kijana aliyekuwa zamu hakulijua. Mwalimu akaeleza kwamba ni kisu kinachopachikwa kwenye mdomo wa bunduki. Basi ni kisu, akasema afisa. Mwalimu akajibu kwamba kina zaidi ya miaka mia moja. Basi ni pambo, akasema mwingine.

Tusiwacheke. Kila moja kati ya majibu hayo lina mahali pake katika sheria. Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumia ushuru wa pamoja wa forodha uliojengwa juu ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Katika mfumo huo, kisu cha kawaida kimo katika Sura ya 82. Singe imo katika Sura ya 93, ya silaha, chini ya namba 9307, pamoja na panga za vita na mikuki. Bunduki za kushindilia mdomoni zimo katika sura hiyohiyo, chini ya namba 9303. Lakini maelezo ya mwanzo ya Sura ya 93 yanasema kwamba vitu vya wakusanyaji na vitu vya kale havihusiki humo. Vinahamia Sura ya 97, ambamo 9705 ni makusanyo yenye thamani ya kihistoria na 9706 ni vitu vya kale vyenye umri unaozidi miaka 100. Kitu kimoja, sura tatu, na kinachoamua ni jina litakaloandikwa kwenye mstari mmoja wa fomu. Rumanyika alikimaliza kitendo hicho cha uainishaji kwa kuitundika bunduki katika nyumba ya hazina.

5.0 Kale ni lini?

Hapa tunafika kwenye neno lenyewe, kale. Katika matumizi ya kawaida halina tarehe. Sheria, hata hivyo, haiwezi kuishi bila tarehe, na kila nchi imejichagulia yake. Katika sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ya kudhibiti bunduki, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni ya kale. Uingereza, kwa kanuni zilizotungwa mwaka 2021, iliweka mpaka wa tarehe 1 Septemba 1939, pamoja na masharti kuhusu aina ya risasi na mfumo wa kufyatulia. Mfumo wa forodha unahesabu miaka 100 inayosogea kila mwaka. Na Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964, inapoeleza masalio ya kale, inautaja mwaka 1863: mwaka mmoja tu baada ya Speke na Grant kuondoka Karagwe.

Kwa mnunuzi, tofauti hizi ni mtego. Bunduki ambayo muuzaji wa Marekani anaitangaza kuwa ya kale, na ambayo kwao haihesabiwi kuwa silaha ya moto mbele ya sheria hiyo, haibebi msamaha huo kuvuka bahari. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na anayetaka kuingiza bunduki, iwe mbovu au nzima, anapaswa kwenda kwanza kwa mamlaka zinazohusika kabla hajabonyeza kitufe cha kulipia. Mavazi nayo yana hatari yake. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa muda wa siku saba kwa raia wenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha. Koti la mwaka 1944 lililonunuliwa London linaweza kuwa amali kwa mkusanyaji na sare kwa mlinzi wa getini.

Kuhusu kale kuwa kigezo cha sheria, bara letu lina uzoefu wa kutia uchungu. Mkataba Mkuu wa Brussels uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890 ulipiga marufuku uingizaji wa silaha za moto katika eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kupambana na biashara ya watumwa. Lakini mkataba uliacha mlango: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa. Maana yake ni wazi. Mwafrika aliruhusiwa kununua kilichopitwa na wakati, na Mzungu alibaki na kinachofanya kazi. Mpambano wa miaka iliyofuata ulikuwa mpambano wa gumegume na bombom, na jina hili la pili, lililoigwa kutokana na mlio wa silaha yenyewe, ni mchango wa wale walioelekezewa.

Walikuwapo waliokiuka. Charles Stokes, mmisionari wa Kiayalandi aliyegeuka mfanyabiashara, alipeleka bunduki kwa njia ya Ziwa Viktoria wakati wa vita vya Buganda, na mwanzoni mwa mwaka 1895 alinyongwa na maafisa wa Dola Huru ya Kongo. Lakini ubaguzi wa silaha uliendelea hata ndani ya majeshi ya kikoloni yenyewe. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, askari wengi Waafrika wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki ya mfano wa mwaka 1871, iliyotumia baruti ya moshi. Kila risasi waliyopiga iliwaonyesha walipojificha.

6.0 Neno askari katika soko

Bunduki hiyohiyo ya mwaka 1871 leo ni bidhaa, na katika lugha ya wauzaji neno askari ni neno la kupandisha bei. Limeingia katika Kijerumani na Kiingereza kutoka kwetu, nasi tulilipata kwa Waarabu; sasa linaturudia kama lebo. Katika lebo hiyo hakuna mtu. Huelezwi kama alikuwa Msukuma, Mmanyema au Msudani miongoni mwa wale ambao Wissmann aliwaandikisha Cairo mwaka 1889, na ambao ndio walioleta vyeo vya ombasha, shaushi na efendi vyenye asili ya Kituruki. Wala huelezwi jinsi kitu kilivyoondoka. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi ya Uingereza yaliushambulia Bukoba, yakaubomoa mlingoti wa simu ya upepo, na mji ukaporwa. Ninapoona mkuki au ngao vimeelezwa kwa maneno mawili tu, "Afrika Mashariki, 1915", huuliza kwanza habari ya siku hizo mbili. Mtu wa Kagera anayenunua kitu kama hicho huenda analipia kilichotoka kijiji cha jirani yake.

Kuna vitu, hata hivyo, vinavyobeba majina. Nishani za Uingereza za Vita vya Kwanza zilichongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha aliyetunukiwa, zikiwamo za askari wa King's African Rifles. Hizi hupigwa mnada London kila mara. Makarani walioyaandika majina hayo walikuwa wakisikia lugha wasizozijua. Tuseme mtu aliitwa Rwakatare. Karani angeweza kuandika kwa L, angeweza kuitupa w, angeweza kuligawa jina mara mbili. Mnunuzi wa Ulaya huona kosa la tahajia. Mwanaisimu anaweza kuona zaidi: mfuatano wa rw, silabi ya ka- au nya- mwanzoni mwa jina, na kwa hatua chache akafika kwenye lugha, na pengine kwenye wilaya. Hii ni kazi ambayo idara zetu zinaweza kuifanya bila kununua nishani hata moja, kwa kuwa picha za minada zimo mtandaoni bure. Ninashangaa kwamba hatujaianza.

Mwaka 1964, baada ya bunge la Ujerumani Magharibi kukubali kuwalipa askari wazee mishahara waliyokuwa wakidai tangu vita, inasimuliwa kwamba wazee mia kadhaa walikusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare zao. Wasiokuwa na kitu, kwa mujibu wa simulizi hiyo, walipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride, nao walizitii amri hizo bila kusita. Simulizi imepambwa, naamini. Lakini haitii chumvi juu ya jambo hili moja, kwamba kwa waliopoteza kila kitu, maneno ya amri yalibaki kichwani kama hati.

7.0 Vita vya Kagera

Sijagusa bado vita ambavyo watu wa Kagera huvikumbuka kwa macho yao wenyewe. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka. Kilomita za mraba zipatazo 1,800 kaskazini ya Mto Kagera zilitekwa, na daraja la Kyaka likavunjwa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, yana mashujaa waliorudi bila kuzungumza.

Vitu vya vita hivyo havijawa vya kale kwa sheria yoyote niliyoitaja. Kwa hesabu ya forodha vitaanza kufikisha miaka mia moja mwaka 2078. Soko, hata hivyo, halingoji. Alama za mabegani na noti za Amin zinauzwa tangu sasa, na kila moja ina maelezo ya Kiingereza. Maelezo ya Kiswahili yako kwa wazee. Mwanajeshi aliyekuwa na miaka 20 wakati ule amekwisha kuvuka miaka 65. Yeye anajua kwa nini roketi za Tanzania ziliitwa saba saba, nani alianza kuliita hivyo, na majina gani mengine yalitumika kwa magari, mabuti, vyakula vya kopo na mabomu, majina ambayo hayakuingia katika kamusi ya mwaka 1981 wala katika toleo la mwaka 2004. Wanakijiji wa Nyaishozi, Murongo na Kyaka nao walikuwa na majina yao, kwa Runyambo, kwa Kihaya na kwa Kiswahili, kwa vitu walivyoviona vikipita barabarani au kuviokota mashambani. Mwalimu niliyemtaja amekwisha kuwapa wanafunzi wake daftari kwa kazi hiyo. Kila ukurasa una safu nne: jina la kitu, nani alilisema, kitu kilifanya kazi gani, na kilikwenda wapi baadaye. Safu ya mwisho, ananiambia, ndiyo wazee wanayoichukulia muda mrefu zaidi kujibu.